Mtu wa Machi

Jumanne, 7 Novemba

Sikukuu ya mbio za farasi. Melbourne nzima imevaa kofia na kuanza kulewa kabla ya chakula cha mchana, mimi niko ofisini na ubao. Majina ya vijana yako kwenye vipande vya sumaku, nimevisogeza mpaka ncha za vidole zinaniuma. Juu kabisa nafasi moja bado tupu. Tumemaliza ligi mkiani, na wa mkiani ndiye anayeteua kijana wa kwanza nchi nzima. Ndiyo zawadi ya kuaibika msimu mzima.

Yamebaki majina mawili. Digby Trewin wa Leongatha, mtoto wa wafugaji, mrefu kama mlingoti, mshambuliaji wa kudaka mipira ya juu mbele ya goli, kwa mikono, maana mpira wetu wa Australia unaruhusu. Na Taj Mulcahy wa Geelong, kiungo, mfupi, mwenye miguu ya mtu mzima. Mpira ukianguka chini ni wake.

Mnara au kiungo. Basi, hakuna habari nyingine mjini.

Bodi inashauri, kocha anashauri, jina nalitaja mimi, mkuu wa usajili. Mkataba wangu unasema hivyo. Siku ya kuusaini nilijiona mtu! Mjinga.

Alhamisi, 9 Novemba

Daktari wa meno kaingiza vidole vyake vyote mdomoni mwangu kisha kaniuliza: mnara au kiungo? Nikakoroma. Akasema safi sana, hata yeye anasema kiungo, mnara bila mtu wa kumpelekea mpira ni nguzo ya umeme tu. Nikakoroma tena kumpinga. Hakunielewa.

Kila mtu ana maoni. Redioni wanapiga simu madereva wa malori, masista, mzee mmoja wa Bendigo aliyelia. Wa mnara wanasema viungo wamejaa kila kichaka, ila wa kudaka mpira kati ya mabeki watatu, huyo humpati kila mwaka. Wa kiungo wanasema nusu ya hao warefu huvunjika magoti au mgongo kabla hujaonja matunda yao. Wote wanasema kweli. Hilo ndilo linalonitesa.

Jioni Val kanisimamisha koridoni, sindano mdomoni kama kawaida. Val ndiye mtunza jezi wetu, amezika makocha wanne. Makocha wenyewe wako hai, lakini yeye husema "nimewazika".

"Wee Lefti, nipasi saizi gani? Kubwa au ndogo?"

"Zote mbili, Val."

"Najua zote mbili! Nauliza ipi niipasi vizuri zaidi."

Siku ya uteuzi, kijana akitajwa huvalishwa jezi palepale jukwaani, mbele ya mama yake na kamera zote. Ukibeba saizi moja tu mkobani umeshajitangaza. Ndiyo maana tangu zamani Val hufungasha mbili, kubwa na ndogo. Waandishi wa habari wameshawahi kumvizia hadi chumba cha kufulia.

Nikamwambia apasi zote sawasawa. Akanicheka. Kasema nina uso wa mtu aliyekula chaza wabovu.

Ijumaa, 10 Novemba

Kikao. Mwenyekiti Gaye kwenye kichwa cha meza, Takis mkabala na mimi.

Takis Vourlas ni kocha wetu. Pia ni kumbaro wangu, msimamizi wangu wa ndoa — alinivisha taji la harusi kanisani, akamsimamia binti yangu Irini kwenye ubatizo. Tulikua mtaa mmoja Oakleigh, mama zetu waligombana miaka yote juu ya uzio mmoja. Sisi Wagiriki, kumbaro huwezi kumwacha kama unavyoacha rafiki. Ni ndugu uliyemchagua mwenyewe mbele ya padri.

Aliongea vizuri leo. Kasema timu yetu inanyang'anywa mpira katikati kila wiki, washambuliaji wanakaa mbele wanahesabu njiwa. Anataka kiungo. Nikasema viungo watano wazuri bado watakuwepo zamu yetu ya pili ikifika, lakini mnara hatabaki hata mmoja, tutamtafuta tena kwa miaka. Akaniuliza, huyo mnara wako ataanza kuzaa lini? Nikasema ukweli. Miaka minne. Labda mitatu akipona homa ya kukumbuka kwao.

"Miaka minne!" Akawageukia wengine. "Mnamsikia? Kumbaro wangu ananipandia mzeituni!"

Wakacheka wote. Hata mimi.

Baada ya kikao Gaye kanibakiza. Kafunga mlango. Kasema tusiposhinda mechi za kutosha kufikia Juni, Takis anaondoka. Bodi imeshakubaliana. Nikamuuliza kama Takis mwenyewe anajua. Kasema alimwambia jana, na alilichukua kiume.

Kwa hiyo alikuwa anajua pale alipokuwa akituchekesha.

Klabu iliyopita nayo ilimfukuza. Kocha aliyefukuzwa mara mbili haajiriwi tena na mtu. Anaishia redioni kuchambua makosa ya wenzake, au anauza nyumba za watu. Takis hawezi kuuza hata soksi. Hana kazi nyingine, hana kipaji kingine, hana hata burudani nyingine. Mungu wangu.

Jumapili, 12 Novemba

Leongatha. Upepo wa kaskazini, joto la kipumbavu, nzi hadi ndani ya chai.

Nilimkuta Digby bandani anakamua. Kichwa kinagusa boriti, anamwinamia kila ng'ombe kama anayemwomba radhi. Anaongea maneno machache. Nilimpeleka uwanja wa kijiji nikampigia mipira ya juu kwenye upepo ule, upepo ambao hata wanaume wa ligi huukimbia. Wa kwanza ukamponyoka. Wa pili ukampiga puani. Damu. Akajifuta kwa mkono wa shati akarudi palepale, mguu ukakanyaga alama ileile kwenye nyasi. Akaomba mwingine. Na mwingine. Tulipoondoka alikuwa anaudaka kama mtu anayechukua kofia yake rafuni.

Nimeona vijana wengi. Nilijua. Mwili ulinisisimka, nikaona aibu kusisimka.

Tukarudi kwao. Mama mtu kaleta pai na tomato, baba kangoja mpaka sahani zikatolewa. Halafu akaniuliza kitu kimoja.

"Mtamvumilia?"

Nikamwambia klabu yetu ina mipango mizuri ya kukuza vijana.

"Hilo sikuuliza, bwana. Mtamng'oa hapa akiwa hajakomaa. Ndama wangu nakaa naye zaidi ya miaka miwili kabla hajanipa tone la maziwa, simpigi teke. Nauliza, nyie mtamvumilia?"

Digby kaangalia meza, masikio mekundu. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 13 Novemba

Geelong, kwa Taj. Laiti angekuwa mbaya! Mpole, anajieleza, amecheza na watu wazima mwaka mzima na kuwatesa. Bibi yake kaoka keki. Nimekula vipande vitatu kwa huzuni. Siku ya kwanza ya msimu huyu anaingia uwanjani na kutoa jasho la mtu mzima. Ni mzuri kweli. Lakini wa namna yake nimeshawahi kuwaona, na nitawaona tena. Wa namna ya yule wa jana sijawahi kumwona tangu nianze kazi hii.

Jumanne, 14 Novemba

Takis kaniita kwake. Kibarazani, pweza juu ya makaa, yeye na aproni yenye maua ya mkewe, Voula. Voula ndani anaongea kwenye simu. Nilijua ninachoitiwa, nikatamani gari linizimikie njiani.

Kwanza mzaha. Kaniambia nimenenepa. Kaniambia kanisani Jumapili padri aliuliza kama nimehamia Ubudha. Akageuza pweza. Halafu bila kuinua kichwa akasema:

"Lefti, nipe mtu wa Machi."

Ligi huanza Machi.

"Sikuombi bingwa," kasema. "Siombi mtoto wa kungojwa miaka minne. Huyo atakuwa mtamu sana, najua, una jicho, sijawahi kukubishia jicho lako. Lakini atamlisha kocha mwingine. Nipe mtu mmoja wa kuingia naye Machi. Mmoja tu. Nikipata mpira katikati nashinda mechi tano, sita, natoboa Juni. Nikitoboa Juni nitakulelea minara yote unayotaka."

Moshi ulikuwa unamwingia machoni, au ilikuwa moshi na kitu kingine. Mimi nimemjua mtu huyu tangu tukiwa na meno ya utoto. Hajawahi kuniomba kitu. Mimi ndiye muombaji — gari lake, ushauri wake, mabega yake siku tuliyomzika baba.

Nikasema, "Utampata."

Neno moja. Lilitoka lenyewe.

Akanikumbatia na koleo mkononi, likaniunguza shingoni. Mpaka sasa panawasha.

Jumatano, 15 Novemba

"Utampata." Sikusema kwa zamu ipi.

Zamu yetu ya pili ipo. Pale atapatikana kiungo wa maana, si Taj, lakini wa kuingia Machi na kukimbia. Kwa hiyo sikusema uongo. Atampata mtu wake.

Najisomea sentensi hiyo hapo juu na najichukia. Yeye alisikia Taj. Mimi nilijua anasikia Taj. Wakili mchafu wewe, Lefteris.

Ijumaa, 17 Novemba

Siku nzima kwenye simu. Nilitaka kuiuza zamu ya kwanza. Nilitafuta klabu itupe zamu mbili za mapema kwa moja yetu, nichukue wote wawili, mnara na kiungo, na nilale kama binadamu. Nimepiga kila mahali. Adelaide wamenicheka. Sydney wanasema tuzungumze mwakani. Perth kuna jamaa alikubali! Nilipiga meza kwa furaha, kahawa ikamwagika juu ya ubao. Kumbe ni sharti bodi yangu iridhie.

Nikamkimbilia Gaye. Kasema hapana. Wanachama wamenunua tiketi za mwakani kwa sababu sisi ndio wa kwanza, wanataka kumwona wa kwanza, picha kubwa, jina moja. Nikamsihi. Nilimsihi kabisa, sauti ilipanda, katibu wake akachungulia. Kasema, "Lefti, kachague. Si ndiyo kazi yako?"

Ndiyo kazi yangu.



Jumamosi, 18 Novemba

Irini kaja kufua nguo, kama desturi yake tangu ahame. Kaingia anacheka.

"Baba, nono kanipigia. Anaimba ndani ya gari! Kaniambia siwezi kujua ni kwa nini, ila baba yangu ni mwanaume wa ahadi."

Nono ndiye baba wa ubatizo. Ana miaka ishirini na mbili huyu mtoto na bado huvaa msalaba aliovikwa na Takis siku ile, umebadilishwa mkufu tu. Kakaa jikoni anakula zeituni za mama yake, anauliza, "Umemfanyia nini nono?" Nikamwambia maongezi ya kazi. Akanibusu kichwani. Akasema hajamsikia akiimba tangu msimu uanze.

Nimeenda bustanini. Nimeng'oa nyanya nikidhani ni magugu.

Jioni nikamwambia Soula. Yote, kuanzia pweza. Mke wangu haongei haraka. Aliendelea kukunja mataulo. Kisha akauliza, kama Takis angekuwa kocha wa klabu nyingine, ungemtaja nani? Nikasema Digby, bila kufikiri. Akauliza, na kama Digby angekuwa ng'ombe tu wa Leongatha, ungemfanyia nini Takis? Nikasema chochote. Figo. Nyumba hii.

"Basi unajua," kasema.

"Najua nini?"

"Kwamba mmojawapo hutaweza kumwangalia tena." Akachukua mataulo akaondoka. "Na Voula ameshapiga. Jumapili ijayo wanakuja kula."

Jumapili, 19 Novemba

Sikwenda kanisani. Takis huwa anakaa safu ya tatu.

Nimejaribu kujiambia ni mchezo. Ni watoto wanaokimbiza ngozi yenye umbo la yai. Haikusaidia.

Nimejaribu pia kumtaja Taj kwa sauti, bafuni, mbele ya kioo. Kama nitakavyofanya kesho. Nilisema vizuri tu, "Taj Mulcahy." Halafu nikamwona yule baba wa Leongatha mezani kwake akiuliza mtamvumilia. Nikasema "Digby Trewin," nikamwona Takis na aproni ya maua. Soula kagonga mlango, kauliza naongea na nani humo.

Nikiwa na Takis pembeni yangu nitalegea. Najijua. Atanigusa goti tu na nitalitaja jina analolitaka. Na klabu itaishi na udhaifu wangu kwa miaka kumi.

Au hiyo ndiyo haki? Kwa nini klabu? Klabu haikunibebea jeneza la baba!

Sijui. Sijui, sijui.

Jumatatu, 20 Novemba — asubuhi

Val kaleta mkoba mpaka nyumbani, eti hamwamini dereva. Jezi mbili za kijani na nyeupe, kubwa na ndogo, zimepigwa pasi sawasawa, karatasi laini katikati.

"Nimetimiza," kasema. "Sasa usinitoe jasho na mimi, mwanangu. Nenda kamtaje mtu."

Akaondoka. Nikakaa jikoni na mkoba juu ya meza. Muda mrefu. Chai ikapoa.

Nimetoa moja. Nimeifungia kwenye droo ya vitambaa vya meza, chini kabisa, chini ya kile cha Pasaka. Nikaifunga zipu ya mkoba haraka kabla mikono haijabadili nia. Sasa hata nikilegea mezani haitawezekana. Huwezi kumpandisha kijana jukwaani na kumvalisha jezi isiyo yake mbele ya nchi nzima.

Ndiyo ujasiri wangu wote huo! Zipu na droo.

Soula kaniona. Kanifunga tai vizuri.

Jumatatu — ukumbini

Naandika hapa mezani maana nisipoandika itabidi nimtazame Takis. Takis anadhani napanga majina ya zamu za baadaye. Taa kali. Meza za klabu zote, maji, peremende. Familia zimekaa upande wa kushoto. Naona kichwa cha Digby juu ya vichwa vyote, kavaa suti inayoonyesha vifundo vya mikono. Baba yake kando yake, mikono magotini. Bibi yake Taj naye yupo, kofia ya manyoya. Kanipungia. Nimempungia.

Gaye yuko nyuma yetu, anapiga picha.

Takis yuko kulia kwangu. Ana furaha ya mtoto. Kavaa tai ya kijani, kanyoa mpaka kajikata. Kaniletea kahawa bila kuombwa, sukari mbili. Kaninong'oneza kwamba ameshapanga nani acheze pembeni ya Taj, kaandika kwenye kitambaa cha karatasi, nione. Nikaona. Amepanga vizuri. Ingefanya kazi.

Hotuba. Mzee wa ligi anashukuru wadhamini. Bado anashukuru.

Takis hawezi kutulia. Kauvuta mkoba kwa mguu, kasema anataka aishike mwenyewe, yeye ndiye atakayemvalisha. Nilisema acha, bado. Nilisema polepole mno. Ameshafungua zipu.

Ameitoa. Ameikunjua kifuani kwake pale alipokaa — inamwagika juu ya tumbo, juu ya mapaja, inakaribia magoti. Anacheka! Kaniambia Val kazeeka, ona, katufungia hema. Anawaonyesha wa meza ya jirani, nao wanacheka. Kaiweka mapajani, anaingiza mkono mkobani kutafuta ile nyingine.

Karatasi laini inachakarika.

Anatafuta upande huu. Anatafuta ule. Kafungua kimfuko cha pembeni ninamowekea dawa za koo, kakifunga. Karudi chini tena. Tabasamu bado liko usoni, hajalitoa, amelisahau tu pale.

"Kumbaro," anasema. "Nyingine iko wapi?"

Naandika. Ninaandika kana kwamba kuna kitu cha lazima cha kuandika. Jukwaani wametaja jina la klabu yetu, watu wanapiga makofi, Gaye kanigusa bega. Kipaza sauti kinaletwa mezani. Naona ubavuni mwangu, bila kugeuka, mkono wa Takis bado umo mkobani.